Geuza Kasha Kwanza: Vipuri Vilivyochanganywa Kwenye Pikipiki za Zamani za Uingereza

Hotuba kwa mafundi na wenye pikipiki za zamani, Nairobi

Wazee wangu, dada zangu na kaka zangu mafundi, nanyi wenye pikipiki mlioamka alfajiri mkafika hapa na vumbi la barabarani, nawasalimu. Hamjambo wote?

Nimeombwa nizungumze juu ya pikipiki za zamani za Uingereza. Hiyo ni bahari, nami leo nitachota ndoo moja tu. Nataka kuwaonyesha jinsi ya kujua kama injini na giaboksi zilizo mbele yako zilitoka kiwandani pamoja, au ziliokotwa huku na huku zikafungwa na mtu aliyetaka pesa zako. Au na mtu aliyetaka tu kufika nyumbani jioni ile. Hao wawili si sawa, na tafadhali msiwahukumu sawa.

Nianze na simu niliyopigiwa si zamani. Kijana mmoja ninayemfundisha kazi alikuwa upande wa Nakuru, ndani ya ghala la shamba, amesimama mbele ya BSA B31 iliyofunikwa na magunia. Akaniambia, "Mzee, namba ya injini na namba ya fremu hazilingani. Wenzangu wanasema ni ya kuungaunga. Niondoke?"

Nikamwambia, "Usiondoke. Nisomee herufi kwanza."

Akasoma. Injini inaanza na ZB31. Fremu inaanza na ZB31S. Tarakimu zinazofuata hazina uhusiano wowote. Nikamwambia, "Mwanangu, hapo hapana kosa. Toa simu, piga picha, halafu zungumza bei."

Jambo ambalo wengi hapa Nairobi hawalijui, na limewakosesha watu pikipiki nzuri, ni hili: kiwanda cha BSA pale Small Heath, Birmingham, hakikuwa kikigonga namba moja kwenye injini na kwenye fremu katika pikipiki zake za zamani, zile ambazo giaboksi imetenganishwa na injini. Injini zilikuwa na mfululizo wake, fremu zilikuwa na mfululizo wake. Zilipokutana, karani aliandika namba zote mbili katika vitabu vya kiwanda. Kwa hiyo BSA ya 1949 yenye namba zinazofanana kabisa kwenye injini na fremu ndiyo ya kukutia wasiwasi. Uliza nani aliyezifananisha, na kwa nyundo gani.

Kinachotakiwa kuelewana kwa BSA ni herufi. Herufi ya mwanzo inakuambia kipindi. K ilitumika 1939. W ni ya wakati wa vita, na ndiyo maana M20 nyingi za jeshi zimegongwa WM20. Z ni ya 1949 na kuendelea kidogo. Basi ukikuta injini ya ZB31 ndani ya fremu ya S ya plunja, ile yenye springi za nyuma zilizosimama wima ndani ya mirija, hao ni watu wa rika moja. Wangeweza kabisa kuondoka kiwandani siku moja. Lakini ukikuta injini ya WM20 ndani ya fremu ya miaka ya 1950, hapo kuna hadithi. Kaa chini uisikilize.

Na hadithi nyingine ni za heshima. BSA ilitengenezea jeshi M20 karibu 126,000 wakati wa Vita vya Pili. Karakana za jeshi hazikuwa na muda wa kuoanisha namba. Injini imechoka, inatolewa, inawekwa iliyofanyiwa matengenezo, askari anaondoka. Kwa M20 ya jeshi, injini na fremu kutofautiana kwa miaka miwili mitatu ni kovu la kazi. Mimi ningeiacha hivyo hivyo, wala nisingemruhusu mtu aguse hizo namba.

Sasa vukeni nami kilomita chache kutoka Birmingham hadi Meriden, karibu na Coventry. Huko ndiko Triumph walikokuwa. BSA waliinunua Triumph mwaka 1951, lakini desturi hazikununuliwa pamoja nayo. Triumph za miaka ya 1950 na 1960 zilitoka kiwandani na namba moja: ile iliyo kwenye injini ndiyo iliyo kwenye fremu. Basi kile ambacho kwa BSA si kitu, kwa Triumph ni swali zito. Mtu akikuambia kanuni moja ya "pikipiki za Mwingereza" zote, mshukuru, kisha umwambie aketi.

Namba ya injini ya Triumph utaipata upande wa kushoto, juu ya kasha la chini, pale silinda inapokalia. Ile ya fremu iko kwenye shingo, chini ya usukani. Kwa zile za 650 ambazo injini na giaboksi zimo katika kasha moja, mfululizo ulianza na DU101 kwa modeli za 1963. Kisha, kwa modeli za 1969, wakaleta mfumo mwingine: herufi mbili na tarakimu tano. Herufi ya kwanza ni mwezi, ya pili ni mwaka wa modeli. Nitawapa mfano mmoja unaowachanganya wengi. Ukisoma JD, J ni Agosti na D ni modeli ya 1970. Lakini mwaka wa modeli ulikuwa ukianza Agosti, kwa hiyo pikipiki hiyo ilitengenezwa Agosti 1969. Nimeona watu wazima wakivutana mashati juu ya mwaka mmoja huo.

Kuanzia 1969 walifanya jambo lingine la busara. Pale mahali pa kugongea namba waliweka nembo ndogo ndogo za Triumph zilizoinuka, zikienea uso mzima, na namba ikagongwa juu yake. Mwizi akipiga tupa kufuta namba, anafuta na nembo. Basi ukikuta injini ya 1971 ambayo hapo mahali pake ni laini kama sahani, usihitaji ushahidi mwingine. Kwa zile za kabla ya hapo, weka kidole. Chuma cha kiwandani kina ukwaru wake na kingo zake. Kilichopigwa tupa kina bonde dogo ambalo jicho halilioni lakini ukucha unalihisi. Tazama pia mstari wa tarakimu: je, zote ni za mkono mmoja? Zina kina kimoja?

Na baada ya namba kuna jina la modeli. TR6 ina kabureta moja, Bonneville T120 ina mbili. Sehemu ya chini ya injini hizo mbili ni ndugu wa tumbo moja, kwa hiyo mtu akipata kichwa cha silinda cha Bonneville na kabureta mbili anaweza kuivalisha TR6 nguo hizo mchana mmoja. Si dhambi kuendesha pikipiki kama hiyo. Inaenda vizuri. Lakini kasha limegongwa TR6, na bei iwe ya TR6.

Sasa nafika kwenye jambo lililonitoa nyumbani leo. Naomba simu zishuke kidogo.

Miaka kadhaa iliyopita nilinunua Triumph 650 yenye namba ya DU. Namba ya injini ililingana na ya fremu, tarakimu kwa tarakimu. Hapakuwa na alama ya tupa. Aliyeniuzia alikuwa na karatasi zake zote. Nililipa bei ya pikipiki kamili, nikaisafisha kabureta, nikabadilisha oili, nikaipanda. Kwa mwezi mmoja nilikuwa mtu mwenye furaha, isipokuwa ilitoa oili kidogo chini ya silinda, na kila nilipobadilisha gasketi ilirudi kutoa pale pale. Nikajiambia, Triumph zote zinavuja.

Siku moja napanda kutoka Mai Mahiu kurudi Limuru, katikati ya mlima, nikasikia ngurumo chini ya miguu. Ilikuwa sauti nzito, ya kina, inayopanda na mwendo. Nikazima. Nikairudisha nyumbani juu ya pikapu.

Nilipoifungua nilikuta beringi kubwa ya upande wa kushoto ya krenki, ile shafti inayozungushwa na pistoni, imezunguka ndani ya nyumba yake hadi imeila aluminiamu. Ndipo nikaligeuza kasha, nikalifuta grisi chini, karibu na pale nusu mbili zinapokutana. Kila nusu ilikuwa imegongwa namba ndogo. Na namba hizo hazikufanana.

Nieleze. Kasha la chini la injini hizi lina nusu mbili, ya kushoto na ya kulia, zinazofungwa kwa boliti katikati. Kiwandani nusu hizo zilifungwa pamoja kwanza, kisha ndipo nyumba za beringi za krenki, matundu ya shafti za kemu, na uso wa kukalia silinda vikachongwa vikiwa pamoja. Zilipotenganishwa, kila nusu iligongwa namba ile ile ili zisipoteane katika karakana. Namba hiyo haihusiani na namba ya injini. Ni ya ndoa ya zile nusu mbili tu. Desturi hii utaikuta kwa Triumph, kwa BSA, kwa Norton, na kwa wengine wa zama hizo.

Ukichukua nusu ya kushoto ya injini moja na ya kulia ya nyingine, zitafungana. Boliti zitaingia. Lakini matundu ya beringi hayatakuwa kwenye mstari mmoja, hata kama yamepishana kwa unene wa unywele. Krenki itazunguka ikijipinda, na kila mzunguko utaisukuma beringi dhidi ya aluminiamu laini. Pale silinda inapokalia kutakuwa na kijingazi, nusu moja imeinuka kuliko nyingine, na hapo gasketi haitaziba milele. Ile oili niliyoipuuza mwezi mzima ilikuwa ikiniambia jambo hilo kila asubuhi.

Na angalieni ubaya wake kwa Triumph hasa. Namba ya injini imegongwa kwenye nusu ya kushoto. Giaboksi ya zile 650 za kasha moja iko ndani ya nusu ya kulia. Kwa hiyo mtu anayesoma namba ya juu, kama mimi nilivyosoma, anajua habari za nusu ya kushoto peke yake. Gia zote, na magurudumu ya taimingi, vinaweza kuwa vya pikipiki nyingine kabisa, ya mwaka mwingine, na logibuku isiseme neno.

Basi kabla ya kulipa, lala chini. Beba tochi, kitambaa na spiriti. Futa, soma, linganisha. Ikiwa injini imeshafunguliwa, weka rula ya chuma juu ya uso wa kukalia silinda, ikatize pale nusu zinapokutana, ujaribu kupenyeza fila geji, kile kibamba cha kupimia nafasi, iliyo nyembamba kabisa. Kisha funga kasha likiwa na krenki ndani, kaza boliti zote, uzungushe kwa mkono. Ikizunguka kwa ulaini kabla ya kukaza na ikawa nzito baada ya kukaza, umeshapata jibu.

Je, dawa ipo? Ipo. Fundi mzuri wa mashine anaweza kuzifunga nusu hizo, akachonga upya nyumba za beringi kwa mstari mmoja, akaweka bushi. Yangu ilitengenezwa hivyo na hadi leo inatembea. Lakini niliilipia pikipiki ile mara mbili.

Giaboksi sasa. Nitaanza na BSA A10, kwa sababu ndiyo inayonunuliwa vibaya kuliko zote. A10 za fremu ya plunja zilikuwa na giaboksi iliyofungwa kwa boliti moja kwa moja nyuma ya kasha la injini. Kasha hilo lina uso bapa nyuma wa kuipokea, na namba zake ni kama BA10. Kuanzia modeli za 1954 ikaja fremu ya swingamu, yaani yenye mkono wa nyuma unaopanda na kushuka na gurudumu, giaboksi ikasimama peke yake, imeachana na injini, na namba zikawa CA10, baadaye DA10. Ukikuta injini ya BA10 ndani ya fremu ya swingamu, mtu amechomelea vibao. Vua kifuniko cha cheni ya ndani, uweke rula kati ya sproketi ya injini na ya klachi. Ikiwa hazikai kwenye mstari mmoja, cheni hiyo inakula meno kila kilomita, na beringi za giaboksi zinavutwa kando.

Giaboksi za BSA za swingamu zinahamishika kirahisi kati ya A10, B31, B33 na Gold Star, na hapo ndipo penye pesa. Gold Star za mbio zilitumia giaboksi ya gia zilizokaribiana, iliyogongwa RRT2 kwa nje. Wauzaji wanalijua hilo, na herufi nne si kazi ngumu kugonga. Usizisome. Hesabu mizunguko. Weka gia ya kwanza, zungusha klachi kwa mkono huku mwenzako akitazama sproketi ya nje. Kwa giaboksi ya kawaida ya BSA, sproketi ikizunguka mara 10, klachi itakuwa imezunguka karibu mara 26. Kwa RRT2 ya kweli itakuwa imezunguka mara 17 na nusu tu. Triumph 650 ya gia nne itakupa mara 24 na kitu kidogo. Chora alama ya chaki, hesabu taratibu. Ukipata namba isiyo ya huku wala kule, ndani mna gia za makabila mawili, na hapo utaifungua utake usitake.

Na kwa kuwa Gold Star imetajwa, tazama fremu yake pia. Bomba la chini la kulia lina mkunjo wa kupishana na pampu kubwa ya oili. Fremu ya B31 haina. Nimeona "Gold Star" inayong'aa hadi unajiona uso wako kwenye tangi, na bomba lake la chini limenyooka kama mnazi. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Nyingine nazipitia haraka. AJS, Matchless na Ariel walinunua giaboksi kwa Burman, kwa hiyo usishangae kuona giaboksi ya mmoja kwa mwenzake. AMC, wenye AJS, Matchless na Norton, walianza kutumia yao wenyewe mwaka 1956. Norton Commando ni rahisi: injini, giaboksi na fremu zote zina namba moja, na moja ikitofautiana unajua kipi kimebadilishwa.

Ndani ya silinda, venia, kile kipimo cha milimita, haidanganyi. M20 na M21 zina kipenyo kimoja, milimita 82, lakini mwendo wa pistoni ni 94 kwa M20 na 112 kwa M21. B31 na B33 ni kinyume chake, mwendo ni 88 kwa zote mbili, kipenyo ni 71 na 85. Kwa hiyo ukiwa na mashaka na B31 pima kipenyo. Ukiwa na mashaka na M20 pima mwendo.

Kuna jambo la Triumph ambalo limewatesa mafundi wazuri. Kwa modeli za 1970 walibadilisha njia ya injini kupumua. Waliondoa sili ya oili kwenye beringi ya krenki ya kushoto, wakatoboa matundu madogo matatu, na hewa ikapitia ndani ya kasha la cheni. Sasa fundi anaichukua injini hiyo, anaweka kemu na vifaa vya kupumulia vya zamani, au anaongeza sili kwa kudhani imesahauliwa. Injini inakosa pa kutolea pumzi, inavuja kila kiungo, na lawama zinaenda kwenye gasketi.

Mwisho ni hesi, yaani yale mapindo ya boliti. Hapa naongea na nyinyi vijana wa boda boda, kwa sababu mikono yenu imezoea milimita. Pikipiki hizi zina hesi za Whitworth, zina hesi za baiskeli zenye mapindo 26 kwa inchi, na mwishoni mwa miaka ya 1960 BSA na Triumph wakaanza kuhamia UNF, hesi nyingine ya inchi. Wakati mwingine zote tatu zimo katika injini moja, kihalali. Boliti ya inchi 5/16 ni karibu milimita 8 kabisa, na ndiyo maana boliti ya milimita 8 ya pikipiki ya Kihindi inaonekana kama itaingia. Inaingia raundi mbili, inakaza, unaongeza nguvu, na aluminiamu ya mwaka 1958 inageuka unga. Boliti ikigoma kwa vidole, itoe. Na ukikuta kwenye kasha moja boliti zinazotaka spana za aina tatu, andika mahali kila moja ilipotoka kabla hujaendelea, kwa sababu hizo ndizo nyayo za waliokutangulia.

Najua wengine mnawaza kwamba sasa kila pikipiki mtaiona mbovu. Hapana. Ninayo M20 nyumbani yenye injini isiyo yake, na ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Nimeandika katika daftari lake kila kipuri kilikotoka, na atakayeinunua siku moja atapewa daftari pamoja na ufunguo. Hicho ndicho ninachowadai nyinyi mnaouza: andikeni.

Pale mezani, chini ya lile gunia, nimeleta makasha matatu ya Triumph, kila moja na nusu zake mbili. Jozi mbili zilitoka kiwandani pamoja, moja haikutoka pamoja. Namba za juu nimezifunika kwa plasta. Tochi, spiriti, rula na fila geji ziko upande wa kushoto. Vijana watangulie, wazee tutawapisha.